Kadi ya Bima ya Kazini Haipandi Ndege

Kila mwaka joto la Jeddah linapoanza kuchoma nyayo, kwenye mwezi wa tano na wa sita, simu yangu hujaa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza hutoka kwa wenzetu wenye kazi za ofisini, mahospitalini na mahotelini, Riyadh na huku kwetu: wamejibana mwaka mzima, sasa wanataka kuwapeleka watoto Paris, au kwa dada yao Frankfurt, wiki mbili warudi. Wa pili huwa mfupi: “Kaka, madam anasema nitakwenda nao Ulaya miezi miwili. Niogope?”

Wote wawili mimi huwauliza kwanza habari za bima. Pasipoti watu huikagua, tiketi huikagua mara tatu, lakini bima huinunua kama wanavyonunua muda wa maongezi: lipa, pokea, tia mfukoni.

Mfanyakazi wa kampuni Saudi Arabia anajua ana kadi ya bima ya afya. Sheria ya bima hiyo ni ya mwaka 1999, na inamlazimu mwajiri kumkatia mfanyakazi pamoja na familia anayoishi nayo hapa. Tangu Oktoba 2022 kikomo cha bima ya msingi ni riyali 1,000,000 kwa mwaka. Ukisikia milioni unajiona umekingwa popote. Sivyo. Bima hiyo ya msingi imetungwa kwa matibabu ya ndani ya Ufalme. Ziko kampuni zinazowaongezea wakubwa wao daraja lenye dharura za nje ya nchi, nawe unaweza kuwa mmoja wao, ila usibahatishe: waombe watu wa utumishi wakupe jedwali la faida na utafute mstari unaotaja nchi. Kama Ulaya haimo, kadi yako ukifika Zürich ni kipande cha plastiki.

Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, nazo zina sharti lao, na limeandikwa. Ni kifungu cha 15 cha Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009. Mwombaji aonyeshe bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, yaani zaidi ya riyali 120,000, inayolipia matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Iwe inafanya kazi katika nchi zote za Schengen, si ile unayokwenda tu, na iwe hai siku zote utakazokuwa huko. Ukiomba viza ya kuingia mara nyingi, unaonyesha bima ya safari ya kwanza tu, kisha unatia saini kwamba unajua safari zinazofuata nazo zinahitaji bima.

Hapo kwenye “siku zote” ndipo nilipolipa ada ya ujinga. Nilikata bima yangu katika duka moja la Batha, Riyadh, baina ya muuza simu na mpiga picha za pasipoti. Kijana aliuliza naondoka lini na narudi lini, nikamwambia tarehe 16. Kweli nilikuwa nikitoka hotelini tarehe 16. Lakini ndege ilikuwa ikiruka dakika chache baada ya saa sita za usiku, na kwa kalenda ya Wazungu hapo ni tarehe 17. Kwenye kituo cha kupokea maombi, binti wa dirishani aliweka ncha ya kalamu juu ya tarehe ya bima, akaisogeza hadi kwenye tarehe ya tiketi, akanirudishia bahasha bila kusema neno. Miadi ikapotea, nikangoja nyingine siku kumi na nane. Tangu siku hiyo naongeza siku mbili mbele na mbili nyuma, na bei hupanda kwa riyali chache tu.

Kosa la pili ni la majina. Ukikata bima kwa namba ya ikama, kibali chako cha ukaazi, jina hutoka kwenye kumbukumbu za Saudi, na majina yetu yakishaingizwa katika Kiarabu na kutolewa tena kwa herufi za Kilatini hurudi yamevaa nguo nyingine. Nimewahi kuona Mwanakombo akawa Moana Kombo. Jina la bima lifuate pasipoti, herufi kwa herufi.

Ikishapita ubalozini, bima bado haijaonyesha kama ni bima kweli. Balozi hutazama kiasi, nchi na tarehe. Hakuna atakayekusomea kurasa za nyuma, nako ndiko yaliko mambo. Bima nyingi za bei ya chini haziyagusi maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari. Mwenye kisukari au presha asome mstari huo mara mbili, aulize kama kuzidiwa ghafla na ugonjwa wa zamani kunahesabiwa dharura. Mjamzito aulize mwisho ni wiki ya ngapi. Anayetaka kuteleza kwenye theluji aulize habari ya michezo, maana mguu huvunjika siku ya kwanza. Tazama pia kiasi utakachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Na tafuta namba ya simu ya saa 24. Mikataba mingi inataka upige namba hiyo kabla ya kulazwa, au mapema iwezekanavyo. Usipopiga, unawapa sababu ya kuvutana nawe. Ukizidiwa huko, piga 112 kwanza, hailipiwi na inapokelewa nchi zote za Umoja wa Ulaya, kisha mwenzako apige ile ya bima.

Wakikataa kulipa baada ya kurudi, usiishie kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Bima iliyokatwa Saudi Arabia iko chini ya Mamlaka ya Bima, iliyoanza kazi mwaka 2023. Andika kwanza kwa kampuni yenyewe na uweke nakala, kisha mamlaka hiyo, na mgogoro usipokwisha upo mlango wa kamati za kutatua migogoro ya bima. Kote huko utaulizwa ripoti ya daktari na risiti, kwa hiyo usitoke hospitali ya Lyon bila karatasi, hata kama ziko kwa Kifaransa.

Swali la dada aliyeko Frankfurt: je, kadi yake ya bima ya Ulaya itamfaa mgeni wake? Haitamfaa. Kadi ile ni ya waliomo kwenye mifumo ya bima ya nchi zile, kila mtu na yake. Lakini dada anaweza kukununulia bima ya mgeni huko huko. Kanuni inasema bima kwa kawaida ikatwe nchi unayoishi, isipowezekana ikatwe kwingine, na mtu mwingine anaruhusiwa kukukatia. Waliooa au kuolewa na raia wa Umoja wa Ulaya, na wanaosafiri naye kwenda nchi ya Umoja isiyo ya kwao yeye, wana njia yao: viza hailipiwi na bima haidaiwi. Nawaona wengi wakilipa vyote viwili kwa kutojua.

Sasa viza yenyewe, kwa ufupi. Mkenya, Mtanzania au Mganda mwenye ikama halali anaombea hapa hapa, si lazima arudi Nairobi wala Dar es Salaam. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; siku zikilingana, kwa ile utakayoingilia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kuvutwa hadi 45, kwa hiyo mwenye safari ya Julai asianze Juni. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iishi miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Tangu 11 Juni 2024 ada ni yuro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 yuro 45, aliye chini ya 6 halipi. Kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi hairuhusiwi kutoza huduma zaidi ya nusu ya ada hiyo. Ujumbe wa simu, kahawa ya chumba cha wageni maalumu na bahasha ya kuletewa nyumbani ni hiari yako, hata dirishani wakikuuliza kwa sauti ya kukuamuru.

Rafiki yako Msaudi akikwambia yeye kapewa miaka 5 kwa ombi moja, hakudanganyi. Mwezi wa Aprili 2024 Ulaya ililegeza masharti kwa raia wa Saudi Arabia, Oman na Bahrain. Ni kwa raia. Mwenye ikama tu hayumo.

Ukinyimwa viza, ubalozi una wajibu wa kukupa fomu yenye sababu, na kukosa bima ya kutosha ni mojawapo ya visanduku vya fomu hiyo. Una haki ya kukata rufaa dhidi ya nchi iliyokunyima, kwa sheria za nchi hiyo, na fomu hutaja pa kupeleka na muda. Kuomba upya nako kunaruhusiwa. Pengine ni haraka zaidi, kama kosa lilikuwa tarehe kama langu. Ila asikudanganye mtu wa “nakutengenezea hoteli na tiketi ya kuonyesha”. Karatasi ya uongo nayo ina kisanduku chake, na alama za vidole vyako hukaa kwenye mtambo hadi miaka 5.

London iko nje ya mambo haya yote. Uingereza na Ireland si Schengen, kila moja ina viza yake. Uingereza haidai bima kwa mgeni, ndiyo maana watu huenda bila. England ukiingia chumba cha dharura cha hospitali ya serikali hutozwi, lakini ukishalazwa, mgeni wa kwetu hutozwa asilimia 150 ya gharama. Nenda na bima.

Mlango wa Saudi nao una funguo zake. Huwezi kurudi bila khuruji-auda, viza ya kutoka na kurudi: riyali 200 kwa miezi 2, na 100 kwa kila mwezi unaoongeza. Tangu 14 Machi 2021 mfanyakazi aliye chini ya Sheria ya Kazi anaweza kujiombea mwenyewe kwa Absher, mtandao wa huduma za serikali, bila kungoja ridhaa ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Likizo yake kwa sheria hiyo ni siku zisizopungua 21, na 30 akishatimiza miaka 5 kwa mwajiri mmoja. Mfanyakazi wa nyumbani, dereva wa nyumbani na mtunza bustani hawamo katika mageuzi yale. Auda yao bado iko kwa kafili. Aliyeripotiwa kutoroka, yule Wakenya wanayemwita kemboi kwa jina la mwanariadha Ezekiel Kemboi, hana auda kabisa.

Ndipo tunarudi kwa dada anayeuliza kama aogope. Haendi likizo, anakwenda kazini mahali pengine, na huko sheria ya nchi humfuata. Kama ni Uingereza, viza yake ni ya mfanyakazi wa nyumbani, miezi 6, hairefushwi, na sharti awe ameshamfanyia kazi mwajiri huyo mwaka mzima. Mwajiri anatakiwa kumlipa si chini ya kima cha chini cha kule, si cha Riyadh. Ana haki ya kubadili mwajiri ndani ya miezi hiyo 6, na pasipoti ni yake, aishike mwenyewe. Kuzuia pasipoti ya mfanyakazi wa nyumbani kumekatazwa hapa Saudi Arabia pia.

Zipo kesi. Josephine Wong, Mfilipino, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani wa mwanadiplomasia Msaudi. Alianzia kazi Saudi Arabia, akapelekwa London mwaka 2016. Alidai alikuwa hatoki nje ila kwenda kutupa taka. Mwaka 2018 aliondoka. Tarehe 6 Julai 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji 3 kwa 2, iliamua kwamba ikiwa madai yake ni ya kweli, kinga ya kidiplomasia haimzuii kudai haki yake. Na Brussels, mwaka 2017, mahakama iliwapa wanawake wa familia moja ya kifalme ya Falme za Kiarabu kifungo cha nje cha miezi 15 kwa walivyowatendea watumishi zaidi ya 20 waliokuja nao hotelini mwaka 2008.

Lakini mengi hayafiki mahakamani, na mengi ni ya ugonjwa. Mfanyakazi anaumwa jino au tumbo, familia inaambiwa bei, wanasema tungoje turudi. Hapa Saudi Arabia bima ya afya ya wafanyakazi wa nyumbani ilifanywa lazima tangu Julai 2024 kwa kafili mwenye zaidi ya wanne, hivyo wengi bado hawana hata ya hapa. Ya Schengen wanayo, kwa sababu bila hiyo viza isingetoka. Shida ni kwamba wengi hawajawahi kuiona. Iko kwenye mkoba wa madam pamoja na pasipoti za watoto. Basi iombe siku ya miadi, unapokwenda kutoa alama za vidole, maana siku hiyo karatasi zote ziko mezani. Ipige picha, umtumie nduguyo mmoja nyumbani pamoja na namba ya bima na anwani mtakayofikia.

Dada wa mwaka jana nilimwambia anitumie picha ya ukurasa wa kwanza. Ilikuja baada ya siku mbili, imepigwa jikoni, kona moja ina kivuli cha birika. Jina lilikuwa sawa, herufi kwa herufi. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya madam.