Jifunze Ufundi: Kuchagua Mti na Kuchonga Uta Wako wa Kwanza

Katika kaunti yetu ya Kitui wazee wengi walikua wakiona uta umening'inia ukutani nyumbani kwao. Wakamba wamejulikana tangu zamani kwa kulenga shabaha. Hata hivyo, uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, uta ulianza kutazamwa kama chombo cha jangili, na vijana wengi hawakufunzwa tena kuuchonga. Leo vikundi vya ngoma vinauhitaji kwenye maonyesho, wageni wanaununua kama kazi ya sanaa, na kulenga shabaha ni mchezo unaotambulika duniani. Mwaka wa 2016 Mkenya Shehzana Anwar alishindana katika mchezo huo kwenye Olimpiki za Rio, ambako shabaha huwekwa umbali wa mita 70.

Ufundi huu bado upo mikononi mwa wazee wachache. Tusipoujifunza sasa, tutabaki kuuona katika makavazi tu. Somo hili ni la anayeanza kabisa. Limeandikwa ili usivunje uta, usijiumize, usiharibu msitu na usivunje sheria.

SHERIA KWANZA

Kabla ya kushika panga, zingatia mambo haya manne:

1. Kuwinda wanyamapori ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, hata kama nyama ni ya kula nyumbani. Uta unaofundishwa hapa ni wa mchezo, ngoma na maonyesho. Usiingie nao katika mbuga au hifadhi yoyote, ikiwemo Hifadhi ya Kitui Kusini na ile ya Mwingi.

2. Usikate mti katika msitu wa umma bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kata katika shamba lako, au kwa idhini ya mwenye shamba. Ikiwa unakusudia kusafirisha miti kwa biashara, uliza kwanza katika ofisi ya KFS iliyo karibu nawe.

3. Usibebe uta na mishale sokoni au kwenye mkutano wa hadhara. Kikundi cha ngoma kinachosafiri na mata kipige ripoti mapema kwa chifu na kituo cha polisi.

4. Usiguse sumu ya mishale. Sumu hiyo ya asili huvuruga mapigo ya moyo, na huingia mwilini kupitia jeraha dogo. Ukikuta mishale ya zamani nyumbani kwa mzee, usiichezee wala usiwape watoto. Mfahamishe chifu.

JINSI UTA UNAVYOFANYA KAZI

Ukielewa jambo hili moja, mengine yote yatafuata. Uta una pande mbili. Upande unaotazama shabaha huitwa mgongo, na ule unaomtazama mlengaji huitwa tumbo. Uta unapovutwa, nyuzi za mti zilizo mgongoni hunyooshwa, na zile za tumboni hubanwa. Mti hauvumilii kunyooshwa ikiwa nyuzi zake zimekatwa. Ukikwangua mgongo na kukata nyuzi hizo, kibanzi kitainuka na uta utavunjika.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya fundi ni hii: mgongo hauguswi. Kazi yote ya kupunguza unene hufanywa tumboni na pembeni.

Katika nchi za baridi, mafundi hufuata mviringo mmoja wa ukuaji wa mti ili kupata mgongo usiokatwa. Miti yetu mingi ya ukame haina miviringo iliyo wazi. Suluhisho letu ni rahisi: tunatumia mti mwembamba mzima, na ule uso ulio chini ya gome ndio unaokuwa mgongo. Gome likitoka polepole kwa mkono au kwa kisu butu, mgongo umepatikana bila kukata uzi hata mmoja.

KUCHAGUA MTI

Mti wa uta unahitaji sifa mbili pamoja: uwe mgumu, na urudi ulipokuwa baada ya kukunjwa. Mti mgumu usiokunjika huvunjika. Mti laini unaokunjika hubaki umepinda na mshale hauendi.

Kwa anayeanza hapa Kitui, mti wa kutafuta ni mulawa, ambao kwa Kiswahili ni wa jamii ya mkole. Wengi wetu tunaufahamu kwa matunda yake madogo yanayoliwa na watoto wachungaji. Hutumika tangu zamani kwa mata, mishale, fimbo na rungu. Una faida nyingine kubwa: huota shina nyingi kutoka kisiki kimoja na huchipuka tena ukikatwa. Unaweza kupata uta bila kuua mti.

Mpera pia unaweza kujaribiwa. Mti wake ni mgumu na wenye ukakamavu, ndiyo maana hutumika kwa mipini ya vifaa. Tatizo ni kupata shina refu lililonyooka.

Miti ifuatayo si ya kuanza nayo:

- Mukau na mukima (grevilea). Hizi ni mbao nzuri za samani na ujenzi. Waachie maseremala.
- Mkaratusi. Hupasuka sana unapokauka, na mara nyingi nyuzi zake zimejisokota.
- Mpapai, mbuyu na mlonge. Ni laini mno.
- Mpingo, muhugu na msandali. Mpingo na muhugu zilikatwa sana na wachongaji vinyago hadi zikawa adimu, na wengi wao wakageukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Uvunaji wa msandali kutoka porini ulipigwa marufuku mwaka wa 2007. Usiiguse miti hii mitatu.

Ukiwa na mti mwingine usioujua, ufanyie jaribio. Kata kijiti chenye unene wa kidole gumba na urefu wa sentimita 60, kikaushe kivulini kwa majuma matatu, kisha kikunje polepole. Kikirudi sawa ukikiachilia, hiyo ni dalili njema. Endelea kukikunja hadi kivunjike. Kikivunjika kwa vibanzi virefu, mti unafaa kujaribiwa. Kikikatika ghafla kama karoti, uache.

KUKATA

Tafuta shina lenye kipenyo cha sentimita 5 hadi 8, na urefu wa mita 2 lililonyooka. Kagua mambo matatu. Kwanza, mafundo: yawe machache, na upande mmoja usiwe na fundo kabisa, kwa sababu huo ndio utakuwa mgongo. Pili, msokoto: tazama mistari ya gome. Ikizunguka shina kama kamba, uta utajipinda. Tatu, wadudu: vitundu na unga ni ishara ya kuachana nalo.

Kata mwezi wa Agosti au Septemba, wakati wa kiangazi. Mti una maji machache, na mvua za Oktoba zitakapofika kisiki kitachipuka. Katika kichaka cha mulawa chenye shina nyingi, chukua moja na uache nyingine. Kata kwa msumeno, kwa mshazari, ili maji yasituame juu ya kisiki.

KUKAUSHA

Hapa ndipo wanagenzi wengi hupoteza kazi. Kijana hukata mti asubuhi, akachonga mchana, na jioni uta umejikunja na hautarudi tena. Mti mbichi hauna nguvu ya kurudi.

Siku ile ile uliyokata, paka ncha zote mbili rangi, gundi ya mbao au nta ya nyuki. Maji hutoka haraka zaidi kupitia ncha, na usipoziba zitapasuka. Ondoa gome taratibu bila kuchubua mti. Kisha, kwa panga au tezo, punguza upande wa tumbo hadi ubaki na nusu ya unene. Mti mwembamba hukauka upesi na haupasuki ovyo. Ufunge kwenye ubao ulionyooka ili usijipinde, uuweke ndani ya nyumba, juu ya sakafu, mbali na jua na mbali na moto.

Itachukua miezi 2 hadi 3, lakini usihesabu siku. Tumia mizani. Pima uzito kila juma na uandike. Uzito utashuka, kisha utaacha kushuka. Ukiona majuma matatu mfululizo uzito ni ule ule, mti uko tayari.

KUPIMA NA KUCHONGA

Nyoosha mikono yako pande zote mbili na upime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 atapata 68, na huo ndio umbali atakaovuta upote, yaani kamba ya uta. Uta wake uwe na urefu wa karibu sentimita 170. Uta mfupi hupendeza macho lakini huvunjika upesi. Anayeanza achonge mrefu.

Chora mstari wa katikati kwa penseli, ukitumia uzi ulionyooshwa kutoka ncha hadi ncha. Weka alama ya mshiko, sentimita 10 katikati. Upana uwe sentimita 4 katikati, ukipungua polepole hadi sentimita 1.5 kwenye ncha. Unene uwe sentimita 3 katikati, ukipungua hadi sentimita 1.5 kwenye ncha. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu, na bado utapunguza. Panga na tezo ziishie hapa. Kuanzia sasa tumia randa, tupa na kisu cha kukwangua. Kwenye kila ncha, chonga pembeni vijia viwili vya kushikilia upote, bila kugusa mgongo.

KUSAWAZISHA MKUNJO

Hii ndiyo roho ya kazi. Mikono miwili ya uta lazima ikunjike sawasawa, kama mwezi mchanga.

Pigilia kigingi imara ukutani au kwenye nguzo, uweke mshiko wa uta juu yake, na ufunge kamba ndefu iliyolegea kutoka ncha hadi ncha. Weka roda chini, upitishe kamba ya kuvutia, kisha usimame mita 2 au 3 kando. Ukivuta ukiwa mbali utauona mkunjo wote, na uta ukivunjika hautakupiga usoni.

Fuata hatua hizi, ukizirudia:

1. Vuta kidogo, sentimita 15 tu, na utazame.
2. Mahali pasipokunjika, weka alama ya penseli tumboni na ukwangue hapo kidogo.
3. Mahali panapokunjika kupita kiasi, usipaguse tena. Punguza sehemu zilizo jirani.
4. Baada ya kila kukwangua, vuta mara 30. Mti unahitaji kuzoea kabla ya kuonyesha mabadiliko.
5. Mikono ikilingana, ongeza umbali wa kuvuta kwa sentimita 5.

Mkunjo ukifika vizuri sentimita 30, badilisha kamba ndefu na uweke upote wenyewe. Nafasi kati ya mshiko na upote iwe karibu sentimita 15, yaani ngumi moja na kidole gumba kilichoinuliwa. Ning'iniza mizani ya ndoano kwenye upote ili ujue nguvu ya uta. Mtu mzima anayeanza anatosheka na kilo 12 hadi 16. Mtoto wa miaka 10 au zaidi, akisimamiwa, anatosheka na kilo 5 hadi 7. Usivute kamwe kupita umbali uliopima mwanzoni.

Ukisikia mlio wa "tik", ukiona kibanzi kinainuka mgongoni, au mistari myembamba ya kubonyea tumboni, simama. Uta huo usivutwe tena. Utundike ukutani uwe kumbukumbu, na uanze mwingine.

UPOTE NA KUMALIZIA

Zamani upote ulitengenezwa kwa kano za wanyama. Leo tumia uzi wa poliesta wa mafundi viatu, nyuzi kadhaa zikisokotwa pamoja na kupakwa nta ya nyuki. Uzi wa nailoni hunyooka mno. Kamba ya katani inafaa uta mwepesi tu, na ikaguliwe kila mara.

Lainisha tumbo na pembeni kwa msasa, kisha paka nta au mafuta ya kuhifadhi mbao ili unyevu wa msimu wa mvua usiingie. Usipoutumia, toa upote na uulaze au uuning'inize mahali pakavu.

KUTUMIA KWA USALAMA

- Usivute upote na kuuachilia bila mshale. Nguvu yote hurudi kwenye mti, na uta hupasuka.
- Mshale uwe mrefu kuliko umbali wa kuvuta, angalau kwa sentimita 5.
- Tumia mishale butu ya mazoezi na gunia lililojaa nyasi kavu. Nyuma yake pawe na tuta la udongo.
- Mtu yeyote asisimame mbele ya mstari wa walengaji hadi wote waweke mata chini.
- Usilenge mtu, mnyama wala juu hewani, hata kwa mzaha.

NENO LA MWISHO

Uta wa kwanza huenda ukavunjika. Wa pili utakuwa dhaifu. Wa tatu utautumia. Ndiyo maana tunashauri ukate mashina mawili au matatu msimu huu na kuyakausha pamoja.

Tunawaomba vijana wawatembelee wazee wanaojua kazi hii na kukaa nao wakichonga, maana kuna mambo ambayo mkono hufunza kuliko karatasi. Vikundi vya ngoma na vyuo vya ufundi vinavyotaka kuanzisha mafunzo vianzie kwa msimamizi wa wadi. Na kwa kila shina la mulawa utakalokata, kizuie kisiki chake kisiliwe na mbuzi hadi machipukizi yapite urefu wa kiuno. Mwanao atakapotaka uta, atakata kwenye kisiki hicho hicho.