Jua Haki Zako: Ukweli wa Tangazo la Kuuza Mhusika wa Gemu ya Mtandaoni

Mhusika wa gemu ya mtandaoni hujengwa na mchezaji kwa miezi au miaka, akiongezewa ujuzi, silaha na cheo, na kwa kuwa kazi hiyo ni ndefu, wapo wanaomuuza na wapo wanaomnunua. Mnunuzi hana kitu cha kushika mkononi kabla ya kulipa, hivyo hutegemea maelezo ya tangazo, na ukweli wa maelezo hayo ndio msingi wa haki yake.

Kanuni zilizo wazi hupatikana katika EVE Online, gemu ya kampuni ya CCP ya Iceland iliyozinduliwa mwaka 2003, ambayo ina soko rasmi la wahusika, ilimradi bei ilipwe kwa ISK, yaani fedha ya gemu yenyewe. Ingawa utapeli wa aina nyingi huvumiliwa ndani ya gemu hiyo, katika soko la wahusika umepigwa marufuku. Tangazo hutolewa kwa jina la mhusika anayeuzwa, na muuzaji hutakiwa kueleza hali ya salio la fedha la mhusika huyo, mahali alipo, nani atalipa ada ya uhamisho, na kama yupo mchezaji mwenye haki ya kuua, yaani ruhusa ya kumshambulia mhusika huyo bila adhabu kwa kosa alilolitenda awali. Salio lenye deni na visasi vya aina hiyo humfuata mnunuzi, wala havionekani katika picha za mhusika.

Kampuni nyingine, kama Blizzard inayomiliki World of Warcraft, hukataza uuzaji wa akaunti, kwa hoja kwamba mchezaji amepewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na si umiliki. Akaunti iliyouzwa kinyume cha sharti hilo ikifungwa, mnunuzi hana la kuidai kampuni, na dai lake hubaki dhidi ya muuzaji peke yake.

Nchini Tanzania, dai hilo huanzia katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotaka mkataba ufungwe kwa ridhaa huru. Ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu, ambao ni uongo wa makusudi, au kwa maelezo potofu, ambayo msemaji aliyaamini ingawa si ya kweli, humpa aliyepotoshwa haki ya kuubatilisha mkataba. Hata hivyo, kunyamaza tu kwa kawaida si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamlazimu mtu kusema au kimya chake ni sawa na kauli. Kwa hiyo mnunuzi asiyetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia aulize kwa maandishi: je, akaunti imewahi kufungiwa, barua pepe iliyosajiliwa awali ni ya nani, na kampuni inaruhusu mauzo? Jibu la uongo kwa swali la wazi ni kauli inayoweza kuthibitishwa, wakati kimya huzua ubishi.

Anayeuza akaunti kama biashara hubanwa pia na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha na inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Wazazi nao wakumbuke kwamba makubaliano ya mtoto aliye chini ya miaka 18 hayana nguvu ya mkataba, iwe yeye ndiye muuzaji au mnunuzi.

Anayenunua anashauriwa kuhifadhi picha ya tangazo kabla halijafutwa, mazungumzo yote, na ujumbe wa muamala wenye jina la mpokeaji. Anayeuza naye ataje kasoro kabla ya kutaja sifa, na pale ambapo masharti ya kampuni yanakataza mauzo, lililo salama kwa pande zote mbili ni kuachana na biashara hiyo.