Kutoa Toleo na Kulitunza: Kanuni za Programu Huria na Wajibu wa Mwanakiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anafahamu kwamba matini hudumu kwa kutunzwa. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yametufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua alimsaidia W. E. Taylor kuyakusanya na kuyafafanua, kisha W. Hichens akayachapisha mwaka 1940. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba programu huria za kompyuta nazo huishi kwa njia hiyo hiyo, na kwamba utunzaji wake unamhusu mwanakiswahili moja kwa moja. Mifano imetolewa Maseno, karibu na Kisumu, na Dar es Salaam.

2.0 Dhana ya Programu Huria

Programu huria ni ile ambayo mtumiaji ana uhuru wa kuitumia apendavyo, kuichunguza na kuibadilisha, kuisambaza, na kusambaza hata toleo alilolibadilisha yeye mwenyewe. Dhana hii imetokana na harakati za GNU zilizotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Izingatiwe kwamba leseni hutoa ruhusa tu. Haimlazimishi mtu yeyote kuitunza programu. Pengo hilo ndilo linalozibwa na kanuni za utunzaji.

Mfano wa karibu nasi ni R-Instat, programu huria ya takwimu. Miongoni mwa walioiunda ni African Maths Initiative, shirika la Kenya lenye uhusiano wa karibu na Chuo Kikuu cha Maseno. Programu hii imejengwa juu ya lugha ya R, na hutumika, pamoja na mambo mengine, kuchanganua data za hali ya hewa.

3.0 Kanuni za Msingi

Kwanza, kila kifurushi kiwe na mtunzaji anayejulikana. Katika CRAN, hazina ya vifurushi vya R, kila kifurushi hutajiwa mtu mmoja anayewajibika. Kikikosa mtu huyo, hutangazwa kuwa yatima. Istilahi hii inafaa sana: kifurushi yatima bado kipo, lakini hakuna wa kukisemea.

Pili, kila toleo liwe na namba pamoja na kumbukumbu ya mabadiliko. Kwa desturi iliyoenea, namba huwa na sehemu tatu: ya kwanza hubadilika matumizi ya awali yanapovunjwa, ya pili jambo jipya linapoongezwa, na ya tatu hitilafu inaporekebishwa. Namba hiyo ionekane ndani ya programu yenyewe, kwani nakala nyingi hupitishwa kwa flashi diski kutoka mkono hadi mkono. Mtafiti wa mvua za ufuko wa Ziwa Victoria asipotaja toleo alilotumia, mwenzake atashindwa kuyahakiki matokeo yake.

Tatu, toleo lijaribiwe kabla ya kutolewa, tena na watu wasioliandika. Mwandishi husoma alichokusudia. Mgeni husoma kilichopo.

Nne, urithi uandaliwe mapema. Mwongozo wa GNU kwa watunzaji unamtaka anayeng'atuka atoe taarifa ili mwingine ateuliwe.

4.0 Nafasi ya Mwanakiswahili

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, OpenOffice.org 2.0 ilitoka Oktoba 2005, na 3.0 Oktoba 2008. Kila toleo lilikuja na menyu na ujumbe mpya, hivyo tafsiri ya 2004 isingeweza kutosha bila kuendelezwa. Hapa tunajifunza kwamba tafsiri ya programu haimaliziki siku ya uzinduzi.

Aidha, kazi hiyo haiwezi kuachiwa wanakompyuta peke yao. Chukua ujumbe unaoarifu kwamba kitu kimefutwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa kila kitu. Kiswahili hudai upatanisho: faili limefutwa, ujumbe umefutwa, picha zimefutwa. Mwanaprogramu akiacha nafasi tupu ya nomino na kuiambatanisha na kitenzi kimoja, sentensi nyingi zitaharibika. Kosa la namna hii halionekani katika orodha ya maneno. Huonekana tu programu inapoendeshwa na mtu anayeijua lugha.

5.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kwamba kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kichague programu huria moja, na kiteue wanachama wawili wa kuijaribu kila toleo jipya linapokaribia. Uamuzi wa kila istilahi uandikwe pamoja na sababu yake, na daftari hilo likabidhiwe rasmi viongozi wanapobadilika. Vyama vyetu hupoteza viongozi kila mwaka kwa kuhitimu. Kwa hiyo kanuni ya urithi inatuhusu kuliko wengine wote. Tusipoitekeleza, kila kundi litaanza upya, na Kiswahili cha kwenye kompyuta kitaamuliwa na watu wasiokuwa na habari za ngeli. Uhuru wa kuirekebisha programu tumekwisha kupewa. Kilichobaki ni mtu wa kukaa nayo.