Mashinikizo Mawili ya Mzamiaji: Maji na Wenzake

Mzamiaji anayeshuka baharini na mtungi wa hewa mgongoni hukabiliwa na mashinikizo mawili. La kwanza ni la maji, nalo hupimika: kila mita 10 za kina huongeza takriban angahewa moja juu ya ile iliyopo usoni mwa bahari, hivyo katika mita 30 mwili hubanwa kwa angahewa nne. La pili ni la wenzake alio nao katika boti, nalo halina kipimo. Mafunzo ya uzamiaji hutumia saa nyingi kueleza la kwanza. Hata hivyo, ajali zinapochunguzwa, si mara chache huonekana kwamba mhusika aliijua kanuni vyema, na aliivunja kwa sababu hakutaka kuonekana mwoga au mharibifu wa safari ya wengine.

Ni vizuri kuanza na lile linalopimika. Kadiri shinikizo linavyopanda, ndivyo naitrojeni iliyo katika hewa inavyoyeyuka kwa wingi ndani ya damu na tishu. Mwili hauna matumizi nayo. Huibeba tu hadi shinikizo lishuke. Mzamiaji akipanda polepole, gesi hiyo hurudi mapafuni na kutoka kwa pumzi. Akipanda kwa kasi, au akiwa amekaa chini kupita muda uliopangwa, gesi huchomoka ikiwa mapovu, kama ilivyo kwa chupa ya soda inayofunguliwa ghafla. Hali hii ndiyo ugonjwa wa dikompresheni. Mapovu yakiathiri viungo, mgonjwa hulalamikia maumivu ya bega, kiwiko au goti. Yakiathiri uti wa mgongo, huja ganzi, udhaifu wa miguu na kushindwa kukojoa.

Maarifa haya si mapya. Mwanafiziolojia wa Ufaransa, Paul Bert, alieleza nafasi ya naitrojeni katika kitabu chake cha mwaka 1878, na mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake nchini Uingereza walichapisha majedwali ya kupanda kwa hatua baada ya majaribio yaliyowatumia mbuzi. Leo mzamiaji wa burudani hufundishwa kupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 hadi 10 kwa dakika, na kusimama dakika tatu katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka majini. Hufundishwa pia asizuie pumzi kamwe wakati wa kupanda. Hewa iliyobanwa hupanuka, na pafu laweza kupasuka hata katika upandaji wa kutoka kina cha mita moja na ushei. Hewa ikipenya katika mishipa ya damu hufika ubongoni ndani ya dakika chache.

Sasa chukulia boti yenye wazamiaji sita. Mmoja ana mafua tangu jana, na anajua kwamba pua iliyoziba huzuia hewa kufika katika sikio la kati, hivyo kiwambo cha sikio chaweza kupasuka katika mita chache za mwanzo. Lakini amekwisha kulipa, jua ni zuri, na wenzake wamekwisha kuvaa mapezi. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna hata aliyesema neno. Anashuka. Mwingine ana cheti cha kuishia mita 18, na kiongozi wa mbizi ametangaza kwamba mwamba mzuri uko mita 30. Anajiambia kwamba kiongozi asingependekeza jambo la hatari. Huko chini hewa humwishia karibu mara nne kuliko usoni mwa maji, na naitrojeni huanza kumlevya kidogo, hata uamuzi wake ukapungua makali wakati anapouhitaji zaidi. Anatazama kipimo cha mtungi, anaona hewa inakwenda, lakini hatoi ishara ya kurudi kwa kuwa wengine watano bado wanatazama samaki.

Jambo la kuzingatia katika mfano huu ni kwamba shinikizo la wenzake halikuhitaji dhihaka. Vijana wa pwani wanaifahamu methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tatizo ni kwamba kicheko husikika papo hapo, na kilio huja baadaye. Mara nyingi kinachomsukuma mtu ni ukimya wa kundi, anaoutafsiri kuwa ni ishara kwamba kila mmoja ameridhika. Kumbe huenda watatu kati ya sita wana wasiwasi uleule, na kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme.

Kosa lisiloleta madhara lina hatari yake. Aliyezidisha muda chini mara tano bila kuugua hujifunza somo lisilo sahihi: kwamba kanuni imetiwa chumvi. Mwanasosholojia wa Marekani, Diane Vaughan, aliuchambua mwenendo huu katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu ajali ya chombo cha angani Challenger, akionesha jinsi taasisi inavyozoea ukiukaji hatua kwa hatua hadi ukiukaji ukawa ndio utaratibu. Wafanyakazi wa afya watautambua bila shida. Wodi ambayo hakuna anayenawa mikono kati ya mgonjwa mmoja na mwingine haikuanza hivyo siku moja.

Wazamiaji wa mapangoni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyageuza makosa kuwa mtaala. Mwaka 1979 Mmarekani Sheck Exley alichapisha kijitabu kilichochambua vifo vya mapangoni kimoja baada ya kingine, na kutokana na vifo hivyo zikapatikana kanuni: kamba isiyokatika hadi mlangoni, theluthi moja ya hewa kwa kwenda, theluthi moja kwa kurudi, theluthi moja ya akiba. Katika jamii hiyo kulikua pia desturi kwamba mzamiaji yeyote anaweza kuisitisha mbizi wakati wowote, kwa sababu yoyote, wala haulizwi. Kati ya zote, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na tiba ya shinikizo la wenzake, kwa kuwa humwondolea mtu mzigo wa kujieleza. Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994 katika shimo la maji la Zacatón, Meksiko, akijaribu kuzama zaidi ya mita 300.

Kwa anayezama ili ale, shinikizo huwa zito zaidi. Katika pwani ya Karibi ya Hondurasi, wanaume wa jamii ya Wamiskito wamezamia kambakoche kwa miongo mingi, wakitumia mitungi mingi kwa siku moja na kupanda bila kusimama, kwani malipo hufuata uzito wa mavuno. Wengi wamepooza. Tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika ilitoa hukumu kuhusu wazamiaji 42 na familia zao, baada ya dola kukiri wajibu wake. Kumwambia mzamiaji wa aina hii ajifunze kusema hapana ni kumbebesha yeye peke yake mzigo wa mwajiri na wa msimamizi wa sheria. Unguja nako wapo wanaozamia majongoo ya bahari kwa mitungi, na mganga wa zahanati ya pwani anaweza kukutana nao kabla ya daktari bingwa yeyote.

Kwa hiyo kijana anayefika kituoni akiwa na ganzi ya miguu, kizunguzungu au maumivu ya viungo yasiyoeleweka aulizwe swali moja la ziada: je, umepiga mbizi kwa mtungi katika saa 48 zilizopita? Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa chache za kwanza. Alazwe chali, apewe oksijeni ya asilimia 100 kwa barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kwa dakika, hata kama anasema amepata nafuu. Apewe maji, ya mshipa yawe yasiyo na glukosi. Kibofu kikishindwa kufanya kazi awekewe katheta, na puto lake lijazwe maji wala si hewa. Asirudishwe baharini kwa nia ya kumtibu. Tiba kamili ni chemba ya shinikizo, ambako kwa kawaida mgonjwa hurudishwa kwenye shinikizo la mita 18 akivuta oksijeni kwa takriban saa tano. Chemba hizo ni chache katika ukanda huu, hivyo kituo cha pwani kiwe na namba ya iliyo karibu kabla ya siku ya dharura. Shirika la Divers Alert Network nalo hutoa ushauri wa simu saa 24. Akisafirishwa kwa ndege, iruke chini ya mita 300 au iwe na shinikizo la usawa wa bahari.

Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hukana. Husema amelala vibaya, amebeba mtungi mzito, au mkono umechoka kwa kupanda ngazi ya boti. Wengine hupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi kwa kudhaniwa wameguswa na jini wa baharini, na saa zenye thamani hupotea. Kukana huku ni mwendelezo wa lile shinikizo la botini: kukiri dalili ni kukiri kwamba kanuni ilivunjwa, pengine pamoja na rafiki au chini ya kiongozi anayeheshimiwa. Ndiyo maana anayepokea maelezo aulize kina, muda na kasi ya kupanda bila kukemea, na ikiwezekana amwulize mgonjwa peke yake, wenzake wakiwa nje ya chumba. Kisha wenzake nao waitwe ndani. Waliopiga mbizi ileile, kwa kina kilekile, huenda wamesimama korido wakisugua magoti yao bila kusema kitu, na baadhi yao wana tiketi ya ndege ya jioni. Aliyepiga mbizi moja fupi angoje angalau saa 12 kabla ya kuruka. Aliyerudia kwa siku kadhaa, saa 18. Mwenye dalili hasafiri mpaka atibiwe.