Kikohozi Kimoja, Dawa Tofauti

Watu wawili wanaweza kuingia katika zahanati moja mjini Kitengela, wote wana kikohozi cha miaka mingi, makohozi na pumzi fupi, na bado dawa inayomfaa mmoja ikamdhuru mwenzake. Mmoja amevuta sigara tangu ujana. Mwingine ni mama kutoka Kajiado aliyepika kwa kuni maisha yake yote ndani ya manyatta isiyo na dirisha. Wakipuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, wote hupatikana na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa.

Tofauti yao imo ndani ya seli. Kila seli ina jeni nyingi, lakini si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Wataalamu huchota seli chache kutoka njia za hewa na kupima ni jeni zipi zimeamka na zipi zimelala. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzao walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hawa wana jeni zilizoamka kama za mwenye pumu, na hao ndio waliosaidiwa zaidi na steroidi ya kuvuta.

Kipimo hicho ni cha maabara za utafiti, kwa hivyo usikiulizie zahanatini. Uliza hesabu ya eosinofili, aina ya chembe nyeupe ambayo husomwa katika kipimo cha kawaida cha damu. Zikifika 300 katika mikrolita moja, steroidi huelekea kumfaa mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara. Zikiwa chini ya 100, faida ni ndogo, na hatari ya nimonia huongezeka. Ndiyo maana sipendi mtu anunue inhela eti kwa sababu ilimsaidia jirani! (Mwenye pumu asiache yake, hesabu hii haimhusu.)

Minyoo pia hupandisha eosinofili, na kwetu minyoo si wageni. Vidonge vya steroidi navyo huzishusha. Basi damu ipimwe mgonjwa akiwa ametulia, na kifua kikuu kisisahauliwe.

Moshi nao una dawa yake. Kati ya 1998 na 2001 shirika la ITDG lilishirikiana na akina mama wa Kajiado kuweka juu ya meko vifuniko vya kutolea moshi nje, na moshi ukapungua sana.

Ukienda kumwona daktari, beba inhela zako zote pamoja na karatasi za damu za zamani.