Gari Likiinuliwa Sentimita Tano

Barabara nyingi za vijijini hugeuka mifereji wakati wa masika, na mwenye gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hutamani gari lake liwe juu zaidi, ili tumbo lisikwame kwenye tuta lililo kati ya njia mbili za matairi. Kwa sababu hiyo fundi hutakiwa aliinue gari, yaani aongeze nafasi baina ya chasisi na ekseli, ama kwa kubadili springi, ama kwa kuziwekea vipande vya kuinulia. Kazi yenyewe si ndefu. Matokeo yake, hata hivyo, yanagusa sehemu kubwa ya mekanika inayofundishwa katika shule za sekondari, na mojawapo ya matokeo hayo linahusu uhai wa watu waliomo garini.

Mfano unaofaa ni Suzuki Jimny. Gari la jina hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 1970, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 359 tu. Toleo lililotoka mwaka 2018 lina meta 2.25 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na takriban meta 1.40 kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia. Kila ekseli ni boriti moja ngumu, na difu imo ndani ya boriti hiyo. Sehemu ya chini kabisa ya gari iko milimita 210 juu ya ardhi.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Difu hukaa kwenye ekseli, na ekseli huchukuliwa na matairi, si na springi. Springi ndefu huinua chasisi na bodi. Difu hubaki palepale. Jiwe lililoigonga jana litaigonga na leo. Kinachoinua difu ni tairi kubwa, na hata hapo faida ni nusu tu: tairi lililozidi kipenyo kwa milimita 50 huinua ekseli kwa milimita 25. Faida halisi ya springi ndefu ni kulinyanyua tumbo, kuongeza pembe za kupandia na kushukia mlima, na kupata nafasi ya kuweka tairi hilo kubwa.

Kuhusu springi, kanuni ni ile ya Robert Hooke, aliyoichapisha mwaka 1678: mbonyeo wa springi hulingana na kani inayoibonyeza. Chukulia springi inayobonyea milimita 1 kwa kila njutoni 20, nayo imebeba njutoni 2,500. Itabonyea milimita 125. Fundi akitaka gari lipande milimita 50 kwa kutumia springi ya urefu uleule lakini ngumu zaidi, mbonyeo lazima uwe milimita 75, na ugumu wa springi uwe njutoni 33 kwa milimita. Gari lililokuwa likinesa mara 1.4 kwa sekunde sasa litanesa mara 1.8, na abiria wataihisi kila changarawe. Kipande cha kuinulia hakibadili ugumu huo. Hata hivyo shokomzoba, zikibaki fupi kama zamani, zitafika mwisho wa urefu wao kila gurudumu linapoingia shimoni, na mipira ya breki itavutika pamoja nazo. Breki si mahali pa kubana matumizi.

Sasa tazama kitovu cha uzito. Chukulia kwamba kabla ya kuinuliwa, kitovu hicho kiko meta 0.65 juu ya ardhi. Gari likisimama kwenye mteremko wa ubavu, litapinduka pale mstari wima kutoka kitovuni utakapopita nje ya matairi ya upande wa chini. Tanjenti ya pembe hiyo ni nusu ya upana ikigawanywa kwa kimo cha kitovu: 0.70 ÷ 0.65 = 1.08, yaani nyuzi 47. Bodi ikiinuliwa milimita 50, na ikiwa sehemu inayobebwa na springi ni nne ya tano ya uzito wote, kitovu hupanda milimita 40. Uwiano huwa 1.01, na pembe nyuzi 45. Upungufu huo si mkubwa, na fundi anayesema hivyo hasemi uongo.

Lakini safari ya mkoani haiendi bila mzigo. Gari la kilo 1,200 likiwekewa kilo 100 kwenye kichanja cha juu ya paa, kwa kimo cha meta 1.85, kitovu cha jumla hufika meta 0.78. Uwiano hushuka hadi 0.90 na pembe hadi nyuzi 42. Magunia mawili ya mahindi ya kilo 50 yameharibu kuliko springi zenyewe.

Uwiano huohuo ndio unaoamua mambo kwenye kona. Gari hupinduka pale v² ÷ (r × g) inapoufikia. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha meta 30, hesabu hutoa kilomita 64 kwa saa kwa gari la awali, 62 kwa lililoinuliwa, na 59 kwa lililoinuliwa na kupakiwa. Hizi ni namba za gari lisiloinama. Gari halisi huinama juu ya springi zake na hupinduka mapema zaidi. Kwenye lami kavu, kizigeu cha msuguano kikiwa 0.8, tairi huteleza kwanza, na kuteleza huko humwokoa dereva. Tairi likigonga ukingo wa lami au jiwe, halitelezi tena. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lililihukumu gari la Suzuki Samurai kuwa halikubaliki kwa sababu ya hofu ya kupinduka. Kampuni ilipinga, ikafungua kesi mwaka 1996, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 2004. Gari lililobishaniwa hivyo lilikuwa bado halijainuliwa na mtu.

Hooke anakutwa tena chini ya gari, kwenye kiungo chenye umbo la msalaba kilichopo kila mwisho wa propela shafti. Kiungo hicho kikipindwa nyuzi 20, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo sawa: huenda mbio na kupungua kwa asilimia 6, mara mbili katika kila mzunguko. Kiungo cha pili hufuta kasoro hiyo iwapo pembe zake ni sawa na za cha kwanza. Kuinua gari huweza kuigeuza ekseli kidogo, pembe zikaacha kulingana, na mtetemo ukaanza. Ekseli ya mbele ikigeuka hivyo, usukani nao hupoteza tabia yake ya kurudi katikati wenyewe.

Darasani jambo la kupinduka hupimwa kwa kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 9, ubao mrefu, na kipimapembe. Weka kipande juu ya ubao na uuinue upande mmoja polepole. Kipande kikiteleza kabla ya kupinduka, pigilia kijiti chembamba ubaoni mbele yake kikizuie, kisha rudia. Pima pembe. Halafu funga misumari mizito juu ya kipande, tafuta kitovu kipya kwa hesabu, bashiri pembe, na ndipo uuinue ubao tena.