Dawa Zilizobaki Zisiishie Chooni

Nyumba nyingi zina mfuko wa dawa nyuma ya kabati: nusu chupa ya dawa ya kikohozi, amoksilini iliyoachwa siku homa ilipopoa, vidonge vya presha vya marehemu babu. Siku ya usafi humiminwa chooni, maji yakavutwa, basi.

Mitambo ya maji taka ilijengwa hasa kwa ajili ya kinyesi na vijidudu. Dawa nyingi huipita. Katika Mto Nairobi watafiti wamekuta dawa za maumivu, antibayotiki, hata dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Maji hayo huingia Mto Athi, yakashuka Galana na Sabaki hadi baharini, kaskazini ya Malindi. Na si Kenya tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulipima mito 258 katika nchi 104; metformini, dawa ya kisukari, ilionekana katika zaidi ya nusu ya sehemu zilizopimwa.

Nyingi kati ya dawa hizo hupitia miilini mwetu. Metformini, kwa mfano, hutoka na mkojo karibu vilevile ilivyomezwa. Hilo halina dawa, na mgonjwa asiache tiba yake kwa kuuonea mto huruma.

Je, kuchemsha maji ya kunywa kunasaidia? Kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo endeleeni kuchemsha. Ila mabaki mengi ya dawa hayaondoki kwa moto. Kiasi kilichomo kwa kawaida ni kidogo mno, mbali na dozi ya mgonjwa. Linalotutia wasiwasi zaidi ni antibayotiki: vijidudu vinavyoishi kila siku katika maji yenye dawa hizo huweza kuwa sugu, na mtoto akiugua, dawa haimfai kitu.

Kwa dawa zilizobaki nyumbani, kwanza uliza duka la dawa au zahanati kama wanapokea dawa zilizopitwa na muda. Wasipopokea, toa vidonge kwenye pakiti bila kuvisaga, vichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika, funga vizuri kwenye mfuko, tia kwenye takataka zinazozolewa. Usivichome uani, moshi wake una sumu. Choo cha shimo nacho hakifai, hasa kisima kikiwa jirani. Sindano ziwekwe peke yake katika chupa ngumu ya plastiki, zipelekwe zahanati.

Na antibayotiki usinunue bila cheti cha daktari, hata kama muuzaji anakufahamu.